Kidole Kilichopita Juu ya Kila Mnyororo

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba karakana hii inasimama kwa nguzo mbili. Moja ni ile ya zege iliyo katikati ya chumba cha kufumia, nyingine ni mimi, mtunza stoo ya uzi, ambaye ninyi nyote mnaniita Mjomba. Ile ya zege imeshaanza kupata nyufa. Ndiyo maana Meneja alipotafuta mtu wa kuandika wasifu wa Mama Kidole katika jarida letu la wafanyakazi, hakuhangaika kugonga milango ya wasomi. Alikuja moja kwa moja stoo, akanikuta nimelala, yaani nimefumba macho nikipanga rangi kichwani, akaniachia kazi.

Basi. Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu Mama Kidole, mkaguzi wetu wa kazi za mviringo, anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja. Kwa wasiojua undugu wetu, kaka yake alimwoa dada yangu, kwa hiyo mimi na yeye ni mashemeji, na mashemeji hawaandikiani uongo. Haya yote ni kweli tupu, isipokuwa pale ambapo kweli ilikuwa fupi nikairefusha kidogo ili ifike.

Alikuja hapa akiwa binti mwembamba, kulabu yake ya kufumia ameichomeka kwenye nywele kama kalamu ya karani. Wakati huo tulikuwa tunafuma kofia, vikapu na mikoba, na nusu ya kazi zilikuwa zinarudi kwa aibu. Ugonjwa ulikuwa mmoja: msokoto. Ninyi wa ofisini ambao hamjawahi kushika kulabu, nisikilizeni. Kazi ya mviringo huanza na mnyororo wa uzi, tundu baada ya tundu, mwembamba kama mkia wa panya. Ukishafika urefu unaoutaka, unaunganisha mwanzo na mwisho, unapata pete, halafu unafuma kuizunguka. Sasa ule mnyororo ukiwa umejigeuza mahali fulani bila wewe kuona, umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Kofia inakua na msokoto wake tumboni. Unaweza kuivuta, kuilowesha, kuipiga pasi mpaka ilie. Msokoto hautoki, unahama tu.

Yeye alitibu ugonjwa huo kwa kidole. Aliagiza kila mnyororo ulazwe mezani kabla ya kufungwa, uso wake ukitazama juu mwanzo hadi mwisho, kisha akapitisha kidole cha shahada juu yake, taratibu, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa vumbini. Akifika mwisho salama alisema neno moja tu, "Funga." Akikuta umejigeuza, hakufoka. Kidole kilisimama palepale, naye akatazama nje ya dirisha, anaangalia mawingu au paa la jirani, mpaka wewe mwenyewe uone. Kuna binti mmoja alichukua muda mrefu sana kuona, hadi Mama Kidole akaijua kila nguo iliyoanikwa kwenye kamba ya jirani na kwamba ni ya nani.

Tangu mwaka ule hakuna pete iliyofungwa chumbani humu bila neno hilo. Mameneja wamekuja na kuondoka, neno likabaki. Mimi kule stoo, katikati ya mafurushi ya uzi, nililisikia kutwa nzima kupitia ukutani. Funga. Kimya kirefu. Funga. Lilikuwa kama tone la maji kwenye nyumba kubwa ambayo watu wake wamesafiri. Nikikosea hesabu ya mabonge, sababu ni hiyo.

Kwa wenye macho mazito alikuwa na dawa nyingine. Aliwaambia wasifunge kabisa mwanzoni. Wafume kwanza mstari mmoja au miwili ya kwenda na kurudi, kama utepe, kwa sababu utepe una uso na mgongo, ukijigeuza unaonekana hata na mtu anayepita barabarani. Kisha ndipo waunganishe, na kale kapengo kanakobaki chini wakashone kwa mkia wa uzi. Na aliyekwisha kufunga akagundua kosa akiwa bado mstari wa kwanza, alimwonyesha pale kwenye kiungo, penye unene wa uzi mmoja tu. Msokoto unausogeza mpaka hapo, unaugeuza, unatoka kama paka aliyekuta mlango haukurudishwa vizuri. Ukishapita mstari wa kwanza mlango huo umefungwa.

Mnaokumbuka gauni la vifungo mtaniunga mkono. Ukifuma kwa kuzunguka tu, mzunguko juu ya mzunguko, upande uleule, matundu huegemea, na mstari uliotegemea uwe wima unaanza kutambaa. Tulifuma gauni ambalo vifungo vyake vilianzia chini ya kidevu vikaishia nyonga ya kulia. Mteja, mama mrefu mwenye heshima zake, akalivaa akatoka. Wallahi hakuweza kwenda moja kwa moja. Gauni lilimpindisha, akalizunguka jengo lote, akaingia tena kwa geti lilelile, mara tatu, na mlinzi akamsalimia kila mara akidhani ni wateja watatu waliovaa sare. Mama Kidole alilitazama gauni, akasema kazi imechoka kuangalia upande mmoja. Kuanzia hapo, kila mwisho wa mzunguko kazi inageuzwa na kulabu inarudi ilikotoka, ili egemeo la huku lijibiwe na la kule. Vifungo vikasimama wima. Yule mama siku hizi anafika nyumbani mapema.

Halafu kuna saa ya kuning'iniza. Watu wengi wanadhani aliibuni yeye. Tuliibuni pamoja: yeye alifikiria, mimi nilileta kamba. Uzi unaovutwa kutoka kwenye bonge kutwa nzima hujisokota wenyewe, ukaanza kujikunjakunja kama nywele za mtoto aliyetoka kuoga. Kwa hiyo jioni, kabla ya kuondoka, kila mmoja anaibana kazi yake kwa kibanio ili isifumuke, anaining'iniza kwenye boriti pamoja na bonge lake, anaiachia. Kazi inaanza kuzunguka yenyewe. Kwanza kwa kasi, halafu polepole, halafu inasimama kana kwamba inakumbuka kitu, inarudi nyuma kidogo, inatulia.

Ni vigumu kumweleza mtu wa nje. Chumba kizima kofia na vikapu vinazunguka hewani bila mkono wa mtu, jua la jioni linaingia kwa pembeni, vumbi la uzi linang'aa linapanda na kushuka. Wageni waliokuja kwa shari walikaa kwenye benchi wakasahau walichokuja kudai. Siku moja nilining'iniza bonge la uzi mnene, kubwa kuliko lolote lililowahi kuingia nchini, likazunguka kwa nguvu hata upepo wake ukafunua kalenda ya ukutani mpaka mwezi unaofuata, tukalipwa mapema. Mhasibu anabisha. Yeye huwa anabisha.

Sasa nifike kwenye jambo la mwezi uliopita, maana bila hilo wasifu huu ungekuwa wa mtu yeyote.

Mwenye ukumbi mmoja wa sherehe alituagiza kava la taa ya darini, kubwa, ambalo watu sita wakishikana mikono ndio wangelizunguka. Kazi hiyo alipewa Umeme aiongoze. Umeme ni mpwa wangu, mtoto wa yule dada yangu, na Mama Kidole ni shangazi yake. Jina tumempa kwa kasi ya mkono wake. Shangazi yake alitaka kumwachia kiti cha ukaguzi. Meneja alisita, akisema mkono wa binti huyu unatangulia macho yake. Akaweka sharti mbele yetu sote: kava likifika ukumbini Ijumaa ya wiki ya pili likiwa limenyooka, Umeme atakalia kiti. Likiharibika, kiti kinaondolewa, ukaguzi utafanywa na fundi wa mtaa wa pili kwa picha za simu, na Umeme anarudi chumba cha kufungashia kukunja maboksi. Huko ndiko alikokaa mwanzo alipoajiriwa. Alikuwa akisema maboksi yanamkausha vidole mpaka haoni tena tofauti ya kitambaa na ukuta.

Siku ya kuanza, Mama Kidole hakuwepo. Bintiye alikuwa amejifungua, naye alikwenda kumpakata mjukuu. Umeme akaulaza mnyororo, ukazunguka meza mbili zilizounganishwa. Wenzake wanne walimshauri wasubiri.

"Dada zangu," akawaambia, "mnyororo huu nimeuangalia mpaka umenijua jina. Ijumaa haitusubiri."

Akafunga. Wakaanza kufuma wote watano kwa pamoja, kila mmoja na bonge lake, wakifuatana kama watu kwenye foleni, na kitambaa kikipita taratibu kutoka paja hadi paja. Na kwa haraka ile wakaacha kukining'iniza jioni.

Msokoto ulikuwemo. Na hapa ndipo penye kosa ambalo nadhani lisingetokea kwingine, maana linatokana na adabu. Kila aliyekipokea kitambaa kimegeuka alidhani amekigeuza yeye mwenyewe. Akaona haya. Akakinyoosha kimyakimya, akampa jirani kitambaa safi, na msokoto ukasukumwa mbele. Jirani naye, baada ya muda, akafanya vilevile. Kwa zaidi ya wiki ule msokoto ulitembea kuizunguka meza kama mgeni ambaye kila mmoja anadhani amealikwa na mwenzake. Mimi niliuona tangu siku ya kwanza, ila nilinyamaza kwa heshima ya kina mama.

Mama Kidole akarudi ananukia poda ya mtoto. Akasalimia, akaonyesha picha, akaketi. Akatazama mikono ya wale watano kwa muda.

"Jioni mnaining'iniza?"

Wote wakainamia kulabu zao.

"Shemeji, ipandishe."

Nikavuta kamba. Kava likapanda, likafika kwenye boriti, likakataa kufunguka. Lilining'inia kwenye mwanga wa dirisha kama nambari nane kubwa, rangi yake ya moshi ikififia kuelekea nyeupe, likizunguka polepole huku, kisha kule. Nisiwafiche, lilikuwa zuri. Lilikuwa kama kitu ulichokiota, ambacho asubuhi ukijaribu kuwaeleza wa nyumbani unabaki kupunga mikono. Wale kina mama wakatazamana, kila mmoja akaelewa siri ya mwenzake kuwa ni yake pia. Umeme akaweka kulabu mezani.

"Shangazi, nimekuaibisha."

"Mimi bado sijaaibika. Nani alisema funga?"

Wakatazamana tena. Binti alifunga, lakini lile neno hakulisema, wala wenzake hawakulisema. Hakuna aliyethubutu.

"Basi haijafungwa," akasema Mama Kidole.

Meneja alikuwa amesimama mlangoni. Akaliangalia kava, akamwangalia Umeme, akauliza kama bado Ijumaa ipo.

"Ijumaa haijaenda popote," Mama Kidole akamjibu, na Meneja akaondoka bila kugonga visigino, jambo ambalo si kawaida yake.

Umeme alikuwa ameshaanza kutafuta mkia wa uzi ili afumue yote. Shangazi yake akamzuia mkono. Kufumua kungewarudisha kwenye mnyororo mtupu, na siku zilizobaki zisingetosha. Akamwagiza achague mstari mmoja wa kwenda juu, toka ukingo wa chini hadi wa juu, kisha apitishe mshono wa kubana upande huu wa mstari na mwingine upande ule, tundu kwa tundu, ili pakikatwa katikati uzi usikimbie. Umeme akafuma mishono hiyo miwili polepole kuliko nilivyowahi kumwona akifanya chochote. Alipomaliza, Mama Kidole akampa mkasi.

"Kata."

"Kata wewe, Shangazi. Mkono wangu unatetemeka."

"Wangu unatetemeka tangu mwaka juzi. Wako utaacha."

Tulikuwa hatujui. Miaka miwili tumekiona kidole kile kikizidi kwenda taratibu, tukadhani ni umakini.

Umeme akakata. Ule mlio wa mkasi ndani ya uzi nausikia mpaka leo, mdogo, kama mtu anayekanyaga majani makavu chumba cha pili. Pete ikawa utepe, ikaanguka, ikalala sakafuni toka mlango hadi dirisha. Na uzi haukukimbia.

Ikahitajika mtu hodari wa kushika ncha moja na kuigeuza mzunguko mmoja ili msokoto utoke. Kama kawaida nikaitwa mimi. Nikashika, nikageuza kwa ustadi. Mama Kidole akatazama nje ya dirisha.

Sote tukatazama utepe. Misokoto ilikuwa miwili.

"Shemeji," akasema bila kugeuka, "rudi ulikotoka, halafu ukifika usisimame, endelea."

"Mjomba huyu," akadakia mmoja wa kina mama, "hata ufunguo wa stoo anaanza na upande usiofungua."

Wakacheka mpaka mmoja akakaa chini, na Umeme naye akacheka, kwa mara ya kwanza siku ile. Ningependa wasomaji wa jarida waelewe kwamba nilifanya vile makusudi, ili vijana waone pande zote mbili. Nikageuza tena. Kitambaa kikanyooka.

Zile kingo mbili zikaletwa uso kwa uso mezani. Tukangoja Mama Kidole anyanyuke apitishe kidole. Hakunyanyuka.

"Pitisha," akamwambia binti.

Umeme akaweka kidole kwenye ukingo wa chini, pale ulipoanzia ule mnyororo, akaanza kutembea. Akazizunguka meza zote mbili, akapita nyuma ya migongo yetu, akafika alipoanzia. Tukasubiri neno. Hakulisema. Akafumba macho, akaanza upya kwa kurudi kinyume, polepole zaidi, na chumba kikawa kimya kiasi kwamba ningesikia nondo akitembea stoo, japo stoo yangu haina nondo. Nikamtazama Mama Kidole. Alikuwa amekaa vilevile, uso umetulia, lakini kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya goti lake, mwendo uleule wa binti. Kiliposimama cha Umeme, na chake kikasimama.

"Funga," akasema Umeme, kwa sauti ya chini kama anayeamsha mtu.

Wale wanne wakachukua kulabu zao, wakaanza kuunganisha, tundu kwa tundu. Mama Kidole akanyanyuka kitini, akakunja khanga yake, akaenda kuning'iniza mabonge pamoja na wafanyakazi wengine. Hakumwambia binti akae. Umeme alisimama karibu na kile kiti mpaka jioni, vitu vyote vilipokuwa vinazunguka darini na mwanga unakwisha, ndipo akakaa, ukingoni tu, kama mtu aliyepanda gari asilojua linakwenda wapi.

Kava lilifika ukumbini Ijumaa. Nilikwenda na Mama Kidole kuliona likipandishwa. Likafunguka duara, kama mdomo wa mtoto anayepiga miayo. Taa ilipowashwa, vile vitundu vyote vikaanguka ukutani, sakafuni, kwenye mabega yetu, vikatembea taratibu maana kava lilikuwa bado linamalizia kuzunguka. Mwenye ukumbi alisimama katikati amekunjua mikono, akasahau kuuliza swali lolote. Mimi niliutafuta ule mshono wa kiungo kwa macho, sikuuona. Mama Kidole hakuutafuta.

Meneja amekwisha kutangaza, kiti ni cha Umeme kuanzia Jumatatu, na kwa hakika ameshaanza kukikalia kwa mazoezi.

Shemeji, kwa niaba ya kina mama wa meza ya mviringo, mhasibu anayebisha, mlinzi, Meneja, na mimi niliyesikia neno lako kupitia ukutani miaka hii yote, tunakushukuru. Ulituonyesha makosa yetu kwa kutazama pembeni, na hilo sijaona mwingine akiliweza. Nenda ukampakate mjukuu. Mkono ukitetemeka, yeye atadhani unambembeleza. Tunakuombea asubuhi zisizo na saa ya kuingia, jioni zinazozunguka polepole mpaka zitulie zenyewe, na maisha mema katikati yake.

Limebaki dogo moja, nalo naliandika kwa sababu Meneja anasema nafasi bado ipo. Ule mto wa buluu ulio kwenye kiti cha ukaguzi, wengi wamenisifu kwa kumnunulia mpwa wangu, nami nimezipokea sifa. Ukweli ni kwamba niliununua kabla mambo haya hayajatokea, nikijua wazi kwamba kiti kile kingekuwa changu. Niliukalia nyumbani jioni mbili kuupima. Ulinienea vizuri sana.